Gari la zamani halichaji betri: fuata dalili hadi kwenye chanzo

Betri ikilala mara ya pili ndani ya wiki moja, wengi hukimbilia kung'oa altaneta, yaani mtambo unaozungushwa na injini ili kuchaji betri. Inapelekwa kwa fundi, inarudi na kaboni mpya (vipande vinavyosugua sehemu inayozunguka ili kupitisha umeme), inafungwa, na baada ya siku chache gari halijiwashi tena. Mara nyingi altaneta haikuwa na kosa lolote. Gari lililotengenezwa miaka ya 1950, 1960 au 1970 lina mfumo rahisi sana wa kuchaji, ila nyaya zake zimezeeka, athi (nyaya za kurudisha umeme zilizofungwa kwenye bodi) zimeliwa na kutu na soketi zimelegea. Ukiwa na mita ya volti ya bei ya kawaida, taa ndogo ya kupimia yenye balbu, na utulivu wa saa moja, unaweza kujua ubovu uko wapi. Sharti langu ni moja tu, na nalisimamia: kitu hakifunguliwi kabla hakijapimwa.

Kwanza jua gari lako lina nini

Fungua boneti uangalie kilichofungwa pembeni mwa injini. Silinda ndefu nyembamba yenye nyaya mbili nyuma, moja nene na moja nyembamba, ni dainamo, mtambo wa kuchaji wa zamani zaidi. Kitu kifupi kinene, chenye feni nyuma ya puli na matundu ya hewa, ni altaneta. Marekani walianza mapema: Chrysler waliiweka altaneta kwenye Valiant ya 1960, na General Motors wakazieneza kuanzia 1963. Uingereza walichelewa. MGB, kwa mfano, iliendelea kutoka kiwandani na dainamo hadi 1967. Kwa hiyo usikisie kwa mwaka wa gari peke yake, maana katika miaka yote hiyo kuna wamiliki waliobadilisha mifumo.

Pia angalia nguzo ipi ya betri imefungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza ya zama za dainamo yana athi chanya, yaani waya wa chanya ndio unaokwenda kwenye bodi. Ukiweka altaneta kwenye gari la namna hiyo bila kugeuza athi, dayodi zake (vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zinaungua papo hapo. Na kama gari ni la volti 6, mathalani Volkswagen nyingi za kabla ya 1967, vipimo vya volti nitakavyotaja hapa vigawe kwa mbili.

Kabla ya kugusa chochote: vua pete na saa ya chuma, weka moto mbali na betri kwa sababu hewa inayotoka wakati wa kuchaji hulipuka, na kamwe usichomoe betri wakati injini yenye altaneta inanguruma. Ile desturi ya kuvua kichwa cha betri "kuona kama inachaji" ilivumilika enzi za dainamo. Kwenye altaneta hupandisha volti ghafla na kuua dayodi au reguleta, kifaa kinachodhibiti volti.

Betri kabla ya yote

Acha gari lilale usiku mzima, kisha pima volti kwenye nguzo zenyewe za betri, si kwenye vichwa vya nyaya. Betri iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu hivi, 12.0 ni karibu tupu. Ikisoma kama 10.5 hata baada ya kuchajiwa kwa mashine, seli moja imepiga shoti na hakuna altaneta itakayoiokoa. Ukishaijaza, mwambie mtu apige stata huku ukiangalia mita. Ikiporomoka chini ya 9.6 na stata ni nzima, betri imechoka.

Sasa vua vichwa vya nyaya na uvitazame kwa karibu. Mara nyingi juu panang'aa, lakini ndani ya tundu, pale panapokumbatia nguzo, kuna ngozi nyembamba ya rangi ya kijivu iliyokolea, ngumu, ambayo ukiikwangua kwa ncha ya kisu unaona risasi nyeupe chini yake. Ngozi hiyo inaweza kupitisha umeme wa taa ndogo bila shida na ikakataa umeme wa stata au wa kuchaji. Isugue kwa msasa hadi chuma kitupu kionekane, pande zote mbili, kaza, halafu paka grisi kwa nje. Fuata waya wa athi hadi unapofungwa kwenye bodi, fungua boliti hiyo, futa rangi na kutu. Kisha tafuta athi ya pili ambayo wengi huisahau: ule mkanda wa waya unaounganisha injini na bodi. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo mkanda huo ukikatika umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi. Ukiona kebo ya choki au ya mafuta inapata moto unapopiga stata, umeshapata jibu.

Kipimo kikuu

Betri ikiwa imejaa na vichwa vimesafishwa, washa injini, piga resi hadi mizunguko kama 2,000 kwa dakika, na pima tena kwenye nguzo za betri. Kwenye mfumo mzima wenye altaneta utasoma kati ya 13.8 na 14.4. Washa taa kubwa, feni ya joto na waipa; isishuke chini ya 13.5 hivi. Ikibaki 12 na kitu na kuendelea kushuka, haichaji. Ikipita 15, inachaji kupita kiasi. Kila kinachofuata kinatokana na namba hiyo na tabia ya taa ya chaji kwenye dashibodi.

Taa ya chaji haiwaki kabisa unapowasha swichi

Usiifurahie taa isiyowaka. Kabla injini haijawaka lazima iwake. Kwenye altaneta nyingi, zikiwemo za aina ya ACR za Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme wa magari, umeme unaopita kwenye balbu hii ndio unaoiamsha altaneta kwa kuipa sumaku ya kuanzia. Balbu ikiungua, altaneta inaweza kukaa kimya hadi upige resi kali, au isiamke kabisa. Balbu ya asili kwenye magari hayo ni ya wati 2.2, na mtu akiweka balbu ya kisasa ya LED mahali pake, umeme unaopita huwa mdogo mno kuiamsha altaneta.

Kujua shida iko upande gani, chomoa soketi ya altaneta, washa swichi, na gusisha waya mwembamba wa taa kwenye bodi. Waya mnene usiuguse hata kwa bahati mbaya, kwa kuwa una umeme wa betri moja kwa moja. Taa ikiwaka, waya na balbu ni vizima na shida iko ndani ya altaneta: kaboni zimekwisha, au ringi za shaba zimepakazwa mafuta na vumbi, au koili ya rota, sehemu inayozunguka ndani, imekatika. Pima omu kati ya ringi mbili za rota. Rota nzima za ACR husoma kati ya 3 na 5. Kaboni zilizobaki milimita 5 hivi zimefika mwisho, lakini zibonyeze pia kwa kidole, kwa sababu kaboni ndefu iliyokwama kwenye nyumba yake ni mbovu sawa na iliyokwisha.

Kuna sababu moja zaidi, adimu kidogo: dayodi iliyopiga shoti inaweza kurudisha umeme wa betri hadi upande wa pili wa balbu, ikawa pande zote mbili zina volti 12 na balbu haina sababu ya kuwaka. Dalili yake ni altaneta ya uvuguvugu asubuhi wakati gari halijawashwa tangu jana.

Taa inawaka muda wote

Anza na mkanda wa feni. Zima injini, bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu. Uzame milimita 10 hadi 13. Kisha jaribu kuizungusha feni ya altaneta kwa mkono. Ikiteleza ndani ya mkanda, mkanda umelegea. Geuza mkanda uone ubavu wake: ukiwa unang'aa kama kioo umeshachomeka, na hata ukiukaza utateleza. Mkanda wa V hushika kwa ubavu, si kwa tumbo, kwa hiyo ukiona unagusa chini kabisa ya mfereji wa puli, umelika na hauna tena kazi. Unapoukaza, sukuma altaneta kwa upande wa mbele karibu na puli. Wanaoingiza nondo nyuma yake hupasua kava ya alumini.

Mkanda ukiwa mzima, rudi kwenye soketi. Chomoa, washa swichi, pima kila waya dhidi ya bodi: mnene lazima usome sawa na betri. Usiposoma kitu, tafuta kuanzia soketi kurudi hadi taminali ya stata, ambako waya huo hufungwa kwenye magari mengi. Usipime kwa mita peke yake. Waya uliobaki na nyuzi mbili tatu zisizokatika utasoma volti 12 kamili bila mzigo. Weka taa ya kupimia na utaona inafifia.

Taa inawaka kwa mbali

Hii ndiyo dalili inayowachanganya hata mafundi wazuri. Taa ya chaji inalinganisha pande mbili: betri kwa upande mmoja, altaneta au dainamo kwa upande mwingine. Zikitofautiana hata kwa volti moja au mbili, inawaka kidogo. Ikiwa inang'aa zaidi unapowasha taa kubwa, shuku kwanza swichi ya ufunguo na soketi zake, kwani umeme unapotelea humo njiani. Pima volti kwenye betri na kwenye taminali ya swichi inayolisha taa ya chaji, injini ikiwa inanguruma. Tofauti ikizidi nusu volti, swichi au soketi imechakaa.

Tofauti isipokuwepo, geuza mita ipime volti za AC kwenye nguzo za betri. Ikizidi 0.5 na mzigo umewashwa, dayodi moja imekufa. Altaneta yenye dayodi mbovu huchaji, ila chini ya uwezo wake, na mara nyingi hutoa mlio wa kuguna usiokuwepo zamani. Redio nayo huanza kulia kufuata resi ya injini.

Taa inazimika vizuri, betri inalala

Hapa usiiamini taa. Kuzimika kwake hakumaanishi kwamba betri inapata chaji ya kutosha. Kunamaanisha tu kwamba pande mbili zimelingana.

Pima upotevu njiani. Injini kwenye mizunguko 2,000, taa kubwa zimewashwa: weka ncha moja ya mita kwenye taminali kubwa ya altaneta, nyingine kwenye nguzo ya betri inayolishwa nayo. Mita itasoma volti zinazopotea kwenye waya. Ikizidi 0.3, kuna kiungo kibovu. Sogeza ncha hatua kwa hatua kuelekea betri, ukipita soketi, taminali ya stata, geji ya ampea kama ipo, hadi usomaji ushuke ghafla. Kiungo ulichokiruka ndicho chenye ubovu. Rudia kwa upande wa athi, kutoka kwenye mwili wa altaneta hadi nguzo ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Huko isizidi 0.2.

Kwa magari yenye geji ya ampea, sema pole kwa mikono yako na uingie chini ya dashibodi. Umeme wote wa kuchaji unapita nyuma ya geji hiyo kwenye nati mbili. Zikilegea hupata moto, plastiki hubadilika rangi kuwa kahawia, na waya hukakamaa. Chrysler za miaka ya 1960 na 1970 zina udhaifu huo pamoja na ile soketi kubwa inayopenya ukuta kati ya injini na chumba cha abiria. Usiweke altaneta yenye nguvu mara mbili kwenye nyaya hizo za asili. Lucas 16ACR ilitoa ampea 34 na waya wake ulipimwa kwa kiasi hicho. Altaneta ya kisasa ya ampea 70 inahitaji waya mnene mpya wa kwenda betri, wenye fyuzi yake.

Na kabla ya kulaumu chochote, piga hesabu ya matumizi. Dainamo ya Lucas C40 hutoa ampea 22 tu ikiwa kwenye resi nzuri, na kwenye silensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, haitoi kitu. Taa kubwa mbili za wati 45 hula ampea 7.5, ongeza taa ndogo, koili ya moto, waipa na feni ya joto, utajikuta karibu na 20. Gari la namna hiyo likikaa kwenye foleni usiku wa mvua linakula betri, na halina ubovu wowote. Vivyo hivyo taa ya chaji inayopepesa kwenye silensa na kuzimika ukikanyaga mafuta kidogo: kwa dainamo huo ni uzima.

Dainamo na reguleta yake

Dainamo haina reguleta ndani. Kuna kisanduku kwenye ukuta wa injini chenye koili mbili au tatu: reguleta inayodhibiti volti, na katauti inayokata njia wakati dainamo iko chini ya betri. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuamua kati ya dainamo na kisanduku.

Kwa Lucas, chomoa nyaya zote mbili za dainamo, D na F, unganisha taminali hizo mbili kwa kipande cha waya, na pima kati ya waya huo na mwili wa dainamo. Washa injini na pandisha resi polepole. Volti zipande haraka bila kusita. Zikifika 20 acha, usiendelee. Zisiposogea kutoka sifuri, kaboni hazigusi. Zikibaki nusu volti hadi 1, koili za fildi, zile zinazotengeneza sumaku, hazifanyi kazi na unachokiona ni sumaku iliyobaki tu. Zikikwama kwenye 4 au 5, amecha, sehemu inayozunguka ndani ya dainamo, ina ubovu. Tahadhari: hii ni kwa dainamo ambazo fildi yake imefungwa athi kwa ndani. Bosch za Volkswagen hufanya kinyume. Kwao unachomoa waya wa DF na kuifunga taminali hiyo kwenye bodi, kisha unapima D+.

Ukifungua kaboni, tazama komyuteta, ile silinda ya vipande vya shaba ambayo kaboni huisugua. Rangi ya kahawia laini ni njema. Nyeusi yenye alama za cheche isafishwe kwa msasa wa kioo laini. Msasa wa chuma mweusi usiutumie, vumbi lake hupitisha umeme na kukaa kati ya vipande vya shaba. Tundu dogo la nyuma lililoandikwa OIL linataka matone mawili matatu ya oili, si zaidi, kwani yakizidi yanaishia kwenye komyuteta.

Dainamo ikipita kipimo, kisanduku ndicho. Kwenye Lucas RB106, vua nyaya za A na A1, ziunganishe pamoja nje ya kisanduku na uzifunike, pima kati ya D na bodi, na upandishe resi taratibu. Mshale utapanda kisha utulie. Utatulia kwenye 16 hivi, na wengi hushtuka hapo, lakini bila betri ndivyo ilivyopangwa. Usipotulia na kuendelea kupanda, shuku kwanza athi ya kisanduku, taminali E. Kabla ya kugusa skrubu za kurekebisha, vua betri, safisha pointi kwa msasa laini na uzifute kwa spiriti. Mara nyingi skrubu hazihitaji kuguswa kabisa.

Dainamo iliyokaa muda mrefu au iliyogeuzwa athi inaweza kupoteza sumaku yake au kuwa nayo kinyume. Kwa Lucas, chomoa waya wa F na gusisha taminali hiyo mara chache, kwa sekunde, na nguzo ya betri isiyo ya athi. Altaneta usiifanyie hivyo kamwe.

Betri inachemka, balbu zinaungua

Harufu ya yai bovu, maji ya betri yanayopungua kila wiki, taa zinazong'aa kupita kiasi ukipiga resi: pima, na ikizidi 15 usiendelee kuliendesha. Kwenye reguleta ya nje sababu ya kwanza ni athi mbovu ya reguleta yenyewe, kwa maana inasoma volti pungufu na kusukuma zaidi. Kwenye altaneta zenye waya wa kupeleka habari za betri, waya huo ukikatika au kuchakaa matokeo ni hayo hayo. Mambo hayo mawili yakiwa sawa, badilisha reguleta.

Gari limeegeshwa, likakutwa limekufa

Mfumo wa kuchaji ni mzima, mkanda ni mzima, lakini siku tano za kuegesha zinatosha kuua betri. Zima kila kitu, vua waya wa athi wa betri, na weka mita ya ampea kati ya waya huo na nguzo. Kabla ya mita, pitisha kwanza taa ya kupimia: ikiwaka sana, mzigo ni mkubwa na utaunguza fyuzi ya mita. Gari la zamani lenye saa peke yake lisizidi miliampea 50. Miliampea 100 zinaonekana ndogo, ila kwa siku ni ampea-saa 2.4, na kwa siku kumi ni 24, nusu ya betri ya kawaida.

Chomoa fyuzi moja moja ukiangalia mita. Magari mengi ya umri huu yana fyuzi mbili au nne tu, na vitu kadhaa havipiti kwenye fyuzi yoyote, kwa hiyo usiishie hapo. Taa ya buti na ya sanduku la dashibodi ndizo za kwanza kuziangalia, kisha redio iliyofungwa na mtu baadaye. Halafu vua waya wa dainamo au altaneta. Kwenye dainamo, katauti iliyoganda hurudisha umeme wa betri kwenye dainamo kwa nguvu inayoweza kuchoma nyaya, kwa hiyo ukisikia joto kwenye kisanduku, vua betri kwanza, uliza baadaye. Kwenye altaneta, mita ikishuka hadi karibu na sifuri pale unapochomoa soketi, dayodi inavuja. Hadi itengenezwe, vua betri kila unapoegesha, au acha soketi nje, ukiifunga tepu, na uendeshe mchana bila taa umbali mfupi wa kufika kwa fundi.